Gari linazima kwenye foleni likishapata moto, ila barabarani linakwenda vizuri

Mwalimu wa Mukono (Jumapili, saa 3 usiku)

Habari zenu ndugu. Ninaomba mawazo yenu kabla sijatoa fedha nyingine. Nina gari dogo la Kijapani la mwaka 2004, la petroli, injini ya lita 2, giya za otomatiki, la aina ile inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Kila siku ya kazi linatoka Mukono alfajiri kwenda Kampala na kurudi jioni.

Asubuhi linawaka bila shida, na kwa dakika kumi za mwanzo huwezi kujua kwamba lina ugonjwa. Likishapata moto, nikifika Bweyogerere na kuingia kwenye foleni, mshale wa mizunguko unaanza kucheza, unashuka kutoka 700 hadi 400, gari zima linatetemeka, kisha injini inazima. Linawaka tena, lakini ni lazima nikanyage mafuta kidogo. Foleni ikifunguka na mwendo ukipanda linavuta vizuri kabisa, wala huhisi udhaifu wowote.

Fundi wa kwanza alibadilisha plagi nne na chujio la petroli, akasafisha throto (mlango wa hewa wa injini), jumla shilingi 450,000, na hakuna kilichobadilika. Taa ya injini iliwaka, mashine ya kusoma makosa ikaandika misimbo P0171 na P0300. Kwa kuwa P0171 ni mchanganyiko wenye hewa nyingi kuliko petroli, fundi amesema pampu ya petroli imechoka, ninunue nyingine. Kabla sijakubali ningependa kusikia kwenu, kwa sababu wiki iliyopita lilizima katikati ya mteremko karibu na Kireka, usukani ukawa mzito na breki ikawa ngumu, na mama yangu alikuwa kiti cha nyuma.

Fundi wa Busia (Jumapili, saa 4 na nusu usiku)

Mwalimu, pole sana, na mpe mama pole. Nianze na breki, kwa sababu hilo haliwezi kusubiri. Injini ikizima, kisaidizi cha breki hubaki na akiba ya mvuto inayotosha kukanyaga mara moja au mbili tu. Usipampu pedali. Kanyaga mara moja kwa nguvu, shikilia hapo hapo, peleka giya kwenye N, ndipo uwashe.

Pampu usiinunue bado. Pampu iliyochoka hulalamika pale petroli inapohitajika kwa wingi, yaani ukipanda mlima na mzigo au ukitaka kulipita lori. Lako linavuta vizuri barabarani na kufa likiwa limesimama, wakati ambapo injini inatumia petroli kidogo kuliko wakati mwingine wowote. Dalili hizo mbili haziwezi kutoka kwenye pampu moja.

P0171 haisemi kwamba petroli ni chache. Inasema kwamba sensa ya oksijeni iliyo kwenye ekzosi imeona oksijeni nyingi kuliko kompyuta ilivyotarajia. Injini ya petroli hutafuta uwiano wa kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli, na kompyuta hukadiria petroli kutokana na hewa iliyopimwa na sensa iliyo karibu na chujio la hewa. Hewa yoyote inayoingilia nyuma ya sensa hiyo haihesabiwi, kwa hiyo haipewi petroli yake. Ukitaka kuelewa kwa nini shida inaonekana kwenye sailensi tu, yaani injini ikizunguka bila kukanyagwa mafuta, fikiria kijiko kimoja cha chumvi: kwenye kikombe cha chai hakinyweki, kwenye sufuria ya pilau ya harusi hakuna atakayekisikia. Injini ikiwa sailensi inavuta hewa ya kikombe, ikiwa barabarani inavuta ya sufuria, na tundu la kuvujia ni lile lile.

Katika gari lenye umri kama lako, matundu hayo mara nyingi hayatoki popote ila kwenye mfumo wa kupunguza moshi wenye sumu, ambao mafundi wengi hawaugusi kwa sababu haulii wala hauvuji oili. Mfumo huo una milango mitatu inayofungukia kwenye manifoldi ya hewa, yaani mabomba yanayogawa hewa kwa silinda. Kuna vali ya PCV inayofyonza mvuke wa oili kutoka tumbo la injini ili uchomwe badala ya kutupwa nje. Kuna vali ya mvuke wa petroli, inayofyonza harufu ya tanki iliyohifadhiwa kwenye mkebe wa makaa. Na kuna EGR, inayorudisha sehemu ya moshi wa ekzosi ndani ya silinda ili moto usiwe mkali mno, kwa maana joto kali la mwako ndilo linalotengeneza gesi za oksidi za naitrojeni.

Hiyo ya tatu ndiyo ninayoishuku kuliko zote, na sababu yangu ni zile dakika kumi zako. Injini ikiwa baridi, kompyuta haiifungui EGR kabisa. Likipata moto na ukiwa kwenye mwendo, huifungua, na ukisimama huifunga. Masizi yakijaa kwenye kiti cha vali, itafunguka lakini haitarudi yote. Moshi ambao umekwisha kuungua, usio na oksijeni ya maana, unaendelea kuingia kwenye silinda ambazo sasa zinavuta hewa ya kikombe tu; mwako unakatika, ndiyo maana ukapata na P0300, yaani misi zisizo na silinda maalumu. Injini ya aina yako ina hasara nyingine: petroli haipiti juu ya vali za kuingizia hewa, kwa hiyo hakuna kinachoziosha, na masizi hujikusanya miaka yote.

Hata hivyo moshi wa EGR peke yake hauelezi P0171 vizuri, kwa sababu hauna oksijeni nyingi. Kwa hiyo usishangae tukikuta matatizo mawili. Nenda kwa mwenye mashine inayoonyesha takwimu wakati injini inawaka, uniletee asilimia ya marekebisho ya petroli ya muda mrefu, yaani kiasi ambacho kompyuta imezoea kuongeza au kupunguza petroli, mara moja kwenye sailensi na mara moja ukiishikilia kwenye mizunguko 2,500. Usikubali mtu afute misimbo kabla hujaandika namba hizo kwenye karatasi.

Dereva wa Arua (Jumatatu, saa 1 asubuhi)

Fundi ameeleza vizuri, nami ninaongeza jambo moja ambalo sisi wa barabara za vumbi tunalifahamu. Mkebe wa makaa una tundu la kuvutia hewa safi, na katika magari mengi tundu hilo liko chini kwa nyuma, karibu na gurudumu. Vumbi jekundu likiliziba, tanki halipumui. Petroli inapungua, hewa haiingii, na baada ya mwendo mrefu pampu inavutana na tanki hadi injini inakufa. Langu lilinifanyia hivyo mara mbili kati ya Pakwach na Nebbi. Mwalimu, siku likizima, fungua kifuniko cha tanki mara moja. Ukisikia hewa ikiingia kwa nguvu, na gari likawaka baada ya hapo kana kwamba halikuwa na shida, anzia huko. Usiposikia kitu, rudi kwenye njia ya Fundi.

Mzee wa Ndeeba (Jumatatu, saa 4 asubuhi)

Vijana wangu, nimekaa kwenye kazi hii tangu enzi za kabureta. Mimi EGR ninaiziba kwa bati, nafunga boliti, na mteja anakwenda zake. Kama bado linasumbua, ninafungua ekzosi na kuyatoa yale masega ya kusafisha moshi, kwa sababu yakiziba injini haipumui. Sijaona injini iliyokufa kwa kukosa vitu hivyo viwili.

Dada wa Jinja (Jumatatu, saa 7 mchana)

Mzee wangu, shikamoo. Ninaheshimu kazi yako, na kuhusu bati nitasema kitu hapa chini, lakini masega nakuomba tusiyaguse, kwa kuwa dalili za Mwalimu zinayatetea. Ekzosi iliyoziba huinyima injini pumzi pale moshi unapokuwa mwingi, yaani kwenye mwendo na mlimani. Kwenye sailensi mara nyingi huwezi kuhisi. Lake linafanya kinyume. Kuyatoa ni kuharibu kifaa kizima kwa kosa la kifaa kingine, na moshi huo tunauvuta sisi wenyewe, na watoto wanaotembea kando ya barabara kwenda shule.

Mwalimu, mwombe fundi wako geji ya kupima mvuto wa manifoldi. Ni kifaa cha bei ndogo, na kinasema ukweli kuliko mashine nyingi. Vitabu vitakwambia kwamba injini yenye afya ikiwa sailensi huvuta kati ya inchi 17 na 21 za zebaki. Takwimu hiyo ni ya usawa wa bahari. Kila ukipanda mita 300 hivi, geji hupungua kama inchi 1, na Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, kwa hiyo hapa kwetu injini yenye afya itaonyesha kama 13 hadi 17. Nimeona watu wakifungua injini nzima kwa sababu geji ilisoma 15 na kitabu kikasema 18, na injini haikuwa na kosa lolote. Ukisoma 9 au 10 na mshale umetulia, kuna mlango uliobaki wazi. Kisha shikilia mizunguko 2,500 kwa dakika moja: mvuto ukipanda na kutulia, ekzosi iko wazi na masega ni mazima, ukishuka polepole kadiri unavyoshikilia, hapo ndipo Mzee atakuwa na haki ya kuyashuku.

Kwenye vali ya mvuke wa petroli kuna dalili inayojulikana sana: gari kuwa gumu kuwaka na kutetemeka mara tu baada ya kujaza tanki. Kama hujawahi kuiona, vali hiyo huenda ni nzima, lakini ipime hata hivyo. Chomoa waya wake wa umeme injini ikiwa sailensi, toa mpira unaotoka kwenye mkebe wa makaa, weka kidole kwenye mdomo wa vali. Bila umeme inapaswa kuwa imefungwa kabisa. Kidole kikivutwa, imekufa ikiwa wazi. Na tafadhali, pampu ya kituoni ikishajikata usiwaruhusu waendelee kubonyeza ili shilingi zitimie. Petroli ya ziada huingia kwenye makaa na kuyaharibu.

Mwalimu wa Mukono (Jumatano, saa 2 usiku)

Asanteni nyote. Kifuniko cha tanki nimekifungua mara mbili baada ya gari kuzima, hewa haikuingia, kwa hiyo ya Arua tumeiweka kando. Vali ya mvuke wa petroli nimeipima mwenyewe kwa kidole, haivuti.

Namba ni hizi. Kwenye sailensi, marekebisho ya muda mrefu ni asilimia 22 juu. Kwenye mizunguko 2,500 ni asilimia 4 juu. Geji ilisoma inchi 10. Nilipoishikilia kwenye 2,500 ilipanda hadi 16 na kutulia, kwa hiyo nafikiri masega yamepona.

Kisha fundi kijana wa hapa Seeta alichukua kipande cha mpira wa maji kama cha mkono mmoja, akaweka ncha moja sikioni na nyingine akaipitisha polepole kuzunguka manifoldi. Alipofika nyuma ya injini alinipa na mimi nisikilize: kulikuwa na mluzi mwembamba ambao kwa masikio matupu huwezi kuutenga na ngurumo ya injini. Ulikuwa ni mpira wa PCV. Kwa juu unaonekana mzima, mweusi, safi. Tulipougeuza, upande wa chini ulikuwa umelainika kwa oili na kupasuka mpasuko wa urefu wa kidole gumba, na ukiukunja mpasuko unafunguka kama mdomo. Tumeweka mpya, na vali yenyewe tumeitikisa, inalia kama njuga, kwa hiyo tumeiacha.

Leo asubuhi marekebisho yameshuka hadi asilimia 5 na taa haijawaka. Lakini nikiwa Banda, injini ikiwa ya moto, limezima tena mara moja. Geji sasa inasoma 15 asubuhi, ila baada ya safari inashuka hadi 11.

Fundi wa Busia (Jumatano, saa 3 na nusu usiku)

Mwalimu, umefanya kazi nzuri sana na namba zako zimejieleza zenyewe. Asilimia 22 kwenye sailensi na 4 kwenye mwendo ni hewa isiyohesabiwa. Pampu ingekuwa mbovu, namba ingepanda kadiri unavyokanyaga. Mpira umemaliza P0171. Kinachobaki ni ile inchi 15 inayogeuka 11 baada ya safari, na hicho ni kitu kilichofunguka njiani kikakataa kurudi.

Hapa bati la Mzee litatusaidia, kwa kazi ya kupima. Injini ikiwa baridi, legeza EGR, kata kipande cha bati kwa umbo la gasketi bila tundu la katikati, kiweke kati ya vali na manifoldi, ufunge. Endesha siku mbili. Gari likiacha kuzima, mwizi tumempata. Taa ya injini inaweza kuwaka na P0401 kwa kuwa kompyuta itaona moshi haurudi. Usiijali kwa siku hizo mbili. Lakini usiliache bati humo. Bila EGR mwako unakuwa wa joto zaidi, na ukipanda mlima na abiria unaweza kusikia injini ikigonga. Mzigo huo wa joto unabebwa na pistoni na vali.

Jaribio likithibitisha, toa vali uisafishe kwa dawa ya kabureta na brashi ngumu. Ile sehemu yenye mota na waya usiilowanishe, ishike ikiwa juu ili dawa isitiririkie huko. Usikwangue kiti cha vali kwa bisibisi, kwa sababu mkwaruzo mmoja mdogo utavujisha kama yalivyovujisha masizi. Ukimaliza, mimina dawa kidogo upande wa juu wa kiti uangalie chini kwa dakika mbili. Ikidondoka hata tone, bado haijafunga.

Mzee wa Ndeeba (Alhamisi, saa 3 asubuhi)

Marahaba, Dada wa Jinja. Na wewe Fundi, hiyo ya kumimina dawa na kungoja tone sikuwahi kuifanya kwenye EGR, ingawa kwenye vali za hedi tulikuwa tukiifanya kwa petroli miaka yote. Nitaijaribu. Mwalimu, kabla hujafungua angalia kama vali yako ina mipira ya maji ya rejeta inayopita pembeni. Nyingine zinayo, na ukifungua injini ikiwa ya moto utaungua.

Mwalimu wa Mukono (Jumatatu iliyofuata, saa 2 usiku)

Ndugu zangu, ninaleta matokeo. Ijumaa na Jumamosi nilitembea na bati, Mukono hadi Nakawa na kurudi, tena Ijumaa jioni wakati foleni ni mbaya kuliko zote. Halikuzima hata mara moja. Geji ilibaki 15 injini ikiwa baridi na ikiwa ya moto.

Jana tuliitoa vali. Mzee, mipira ya maji ilikuwepo, asante kwa onyo. Nilitarajia vumbi jeusi, lakini masizi yalikuwa magumu kama makaa ya mawe, na tonge moja la ukubwa wa punje ya mahindi lilikuwa limekwama kati ya ulimi wa vali na kiti chake. Lilipotoka, ulimi ulirudi kwa springi yake na kugonga kwa sauti. Tulisafisha kwa muda wa saa nzima, tukamimina dawa: mara ya kwanza ilidondoka, tukarudia kwa brashi, mara ya pili haikudondoka. Leo nimekwenda na kurudi bila bati, mizunguko imesimama kwenye 700 foleni nzima, na mama amelala njia yote.

Nimebaki na swali moja. Tulirudisha gasketi ile ile ya zamani kwa sababu jana ilikuwa Jumapili na maduka yalikuwa yamefungwa. Je, ninaweza kuiacha?

Fundi wa Busia (Jumatatu, saa 3 usiku)

Usiiache, Mwalimu. Ile ni ya chuma chembamba chenye mikunjo, na ikishabanwa mara moja mikunjo imelala. Itashika leo, lakini moshi wa moto utaitafuna pembeni na utasikia mluzi mwingine baada ya miezi michache. Kesho pitia Kisekka, kwenye soko la vipuri Kampala, nenda na ile ya zamani mkononi ulinganishe matundu, kwa kuwa injini za ukubwa mmoja hutofautiana. Kaza boliti kwa zamu, kidogo huku na kidogo kule, injini ikiwa imepoa. Ukishafunga, liwashe na uliache sailensi kwa dakika kumi bila kukanyaga mafuta na bila kuwasha eyakondishena, ili kompyuta ijifunze upya kiasi cha hewa, kwa sababu yale yote iliyokuwa imejifunza iliyajifunza kwa mpira uliopasuka na vali iliyokwama.